Una Hati?

Kihariri changu cha msimbo na Git, mtunza historia ya msimbo huo, hawasalimiani. Jina la kihariri nalihifadhi, maana ndicho kinachonilisha. Kompyuta yangu bado ni ya Windows 7, na tangu 2022 kihariri hicho hakitoi tena matoleo mapya kwa wazee wa aina hiyo. Git nayo ikaendelea kujisasisha kwa raha zake. Nilipohamishia kazi kwenye diski ya nje, kihariri kikatangaza kuwa folda haina historia yoyote, kikaniwekea na kitufe cha kuanza upya. Kazi ya miezi, nianze upya!

Nikafungua dirisha jeusi la amri, niiulize Git yenyewe. Yenyewe haina aibu: folda naiona, ila umiliki wake una mashaka.

Umiliki! Na hapa ni Miyuji, Dodoma. Mzee jirani, aliyekuja kuchaji simu, alivuta kiti.

“Mjukuu, hicho kiwanja kiko mtaa gani?”

“Si kiwanja, Babu. Ni folda.”

“Una hati?”

“Sina.”

“Basi hata mimi ningekukatalia.”

Babu ana haki ya kusema. Karatasi zake za enzi za CDA, mamlaka iliyogawa viwanja vya Dodoma hadi ikavunjwa 2017, bado zimelala kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda.

Na Git ilikuwa na sababu. Aprili 2022 watengenezaji wake waliziba tundu la usalama: kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, mtu aliweza kupachika folda ya .git juu ya kazi yako, na amri alizozificha humo zikatekelezwa kwa jina lako. Tangu hapo inamkagua mwenye mali kwanza. Diski yangu ilikuwa ya exFAT, mfumo usioandika kabisa faili ni ya nani. Hata malaika asingenidhamini. Dawa ni amri ya mstari mmoja, ya kuiandika folda hiyo kwenye mpangilio wa safe.directory ili Git iiamini. Babu alisikitika kusikia hakuna muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

Kihariri kikafufuka na kesi mpya: faili zote zimebadilika. Kumbe mwenzangu wa Linux alikuwa ameiazima diski, na programu yake ikazibadilishia faili zote alama za mwisho wa mistari. Linux humaliza mstari kwa alama moja. Windows huweka mbili, urithi wa mashine za teletaipu, ambako kurudisha kichwa cha kuchapia na kusogeza karatasi vilikuwa vitendo viwili. Alama zenyewe hazionekani. Unautazama mstari mwekundu, unautazama wa kijani, unafuta vumbi la Miyuji kwenye kioo, unatazama tena: herufi ni zilezile.

Simu ikaita. Mteja wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

“Fundi, bado tu? Si nilikuomba ubadilishe bei ya saruji?”

“Namalizia, bosi.”

“Basi acha kwanza. Imepanda tena.”