Nyongeza ya Anti na Jumapili ya Mafuriko

Wewe unayelea familia mjini utanielewa. Nyumba yetu haijawahi kuamua jambo kwa amani. Hata mapazia ya sebuleni yalizua kikao cha usiku kucha. Sasa fikiria Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kinapanda kwa asilimia 6, na humu ndani tuna Anti, anayetulelea watoto na kujua kila kitu kilipo, soksi zangu zikiwemo.

Nyongeza hiyo Rais Ruto aliitangaza Sikukuu ya Wafanyakazi, 1 Mei, lakini ikaanza kutumika 1 Novemba. Kima chenyewe kilikuwa hakijaguswa tangu 2022, na bei ya unga haikumngoja mtu. Kwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kilitoka shilingi 15,201.65 hadi 16,113.75. Tofauti ni shilingi 912 na senti kumi. Mke wangu, Mama Redio, aliziandika zote kwenye daftari la matumizi, senti kumi nazo. (Redio ni binti yetu mkubwa. Ukinong'ona chumbani, yeye hutangaza hadi kwa mwenye kioski.)

Redio akamtangazia nyanya yake. Mama mkwe akatua kutoka Murang'a na gunia la nduma. Tunamwita Mkaguzi, kwa kuwa hufunua sufuria kabla hajasalimia watu.

“Huyu anakula hapa, analala hapa, anaoga kwa sabuni yenu,” akasema. “Mkatieni hizo kwenye mshahara, mtabaki palepale.”

Mama Redio hajui kushindwa, nami nimeshazoea upande wa walioshindwa. Akamweleza mama yake kwamba kima hicho hakijumuishi posho ya nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa au amwongezee pesa za kodi, kwa hiyo kile chumba cha nyuma ni deni letu la pembeni, si cha kukatia mtu mshahara. Makato nayo yameorodheshwa, kama vile mkopo aliochukua, siku alizokosa kazini bila ruhusa, mali aliyoiharibu kwa kusudi. Sahani ya ugali haimo.

Hapo Seneta akaomba nafasi ya kuchangia. Seneta ni shemeji yangu, anaishi nasi akitafuta kazi, na huchangia kila hoja ila ya bili ya stima. Yeye alitaka tutafute msichana wa bei nafuu kutoka kijijini, kama alivyofanya jirani wa ghorofa ya juu, aliyemfungasha virago yaya wake mwezi uleule. Niliumia kusikia hivyo. Yule dada alikuwa amelea watoto wa watu tangu wakiwa wachanga, akaondolewa kwa ajili ya shilingi mia tisa.

Mkaguzi akageuza njia. Basi alipwe, lakini Jumapili afanye kazi.

Anti alikuwa mlangoni, unga mikononi. “Shosho, hizo pesa ni za kazi ninayofanya tayari. Jumapili ni yangu.”

Na ni yake kweli. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba. Mkaguzi akaapa kwamba Jumapili hiyo yeye na Seneta wataendesha nyumba, tuone hiyo kazi ina ugumu gani.

Mtaani kwetu maji ni ya mgao, na zamu yetu huangukia alfajiri ya Jumapili. Ingawa siku hiyo ni yake, Anti huamka gizani na kujaza jerikeni moja baada ya nyingine kabla hajatoka kwenda kanisani. Safari hii Seneta alifungua bomba, akatumbukiza mpira kwenye pipa, akarudi kulala. Tuliamshwa na kitinda mimba, Bwana Uji, akipiga kelele za furaha huku kandambili zake zikielea koridoni. Unga umelowa, mkeka wa sebuleni umelowa. Mkaguzi akainua kanga na kukamata deki, Seneta akakimbilia vitambaa, gesi ikaisha githeri haijaiva. Kufikia saa nne tulikuwa tunakula mkate mkavu, na nepi za Bwana Uji zilikuwa hazijafuliwa hata moja.

Mkaguzi alikaa kwenye stuli, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. “Huyu msichana mlipeni,” akasema.

Tulimlipa 16,113.75, makato ya NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba yakiwa yameandikwa kwenye karatasi aliyobaki nayo. Nasema kwa moyo wangu wote: ukiongeza mshahara kwa mkono huu, kisha ukachukua Jumapili ya mtu au chakula chake kwa mkono wa pili, hujaongeza kitu.

Msomaji mwenzangu, jiulize mfanyakazi wako analipwa ngapi. Akipunjwa, ana haki ya kwenda ofisi ya leba au kwa chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA, na sheria haimruhusu mwajiri kumfukuza kwa sababu ya malalamiko yake ya haki. Anayelipa chini ya kima anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi mitatu, au yote mawili.