Waambie Mtoto Anataka Kulala

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale saa 12 hadi 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachotaka kujua ni kama walioiandika wamewahi kupanga chumba na sebule Mbagala Kizuiani.

Huku kuna muuza sumu ya panya. Kafunga spika kwenye baiskeli, maneno kayarekodi siku nyingi, na spika haijui kukauka koo: panya, mende, kunguni, viroboto, wote wanakufa kwa bei moja. Mtoto akinyonya, kimya. Akibembelezwa, kimya. Mgongo ukigusa godoro tu, spika inakata kona. Nyuma yake yuko mnunuzi wa vyuma chakavu, halafu bodaboda aliyetoboa ekzosi makusudi, tena kwa hela yake.

Wataalamu wanasema karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni mwepesi, ule wa kucheza macho na kutabasamu. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia uzazi na bado anatusaidia, anasema hapo anaongea na malaika. Vyovyote iwavyo, ukimtua wakati huo umeyataka mwenyewe.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, walitoa dawa ya hilo: mtoto akilia, mbebe utembee naye dakika tano, akisinzia kaa naye tano hadi nane, ndipo umlaze. Ushauri safi. Ila sebuleni kwetu hatua ya nne ni friji, kwa hiyo matembezi yanahamia uani, na uani kuna wapangaji. Huwezi kumpita mtu mzima anayepepeta mchele bila shikamoo. Huyu anauliza mtoto kaamkaje, yule anambana shavu, wa mlango wa mwisho anataka tukubaliane pua ni ya nani. Dakika tano za Kijapani zikiisha, mtoto yuko macho kama mlinzi wa benki.

“Baba,” mama mkwe akaniambia siku moja, “mtoto halali kwa saa. Analala kwa usingizi.”

“Ndiyo, mama.”

Jambo moja tu nilimshikilia: mtoto alale chali, godoro gumu, bila mito. Marekani walianza kuhimiza kulaza chali kitaifa mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Mito akaiondoa, ila akanuna mpaka magharibi.

Jumamosi kukawa na kigodoro, sherehe ya mtaani, nyumba ya tatu. Maspika marefu kuliko mlango, sufuria zinacheza kabatini. Nikajiandaa kwa vita. Mtoto akalala chini ya chandarua, mikono juu, kama aliyelipiwa kiingilio! Usingizi wa mtoto, kumbe, haugombani sana na kelele iliyotulia mahali pamoja. Unashtushwa na kinachobadilika ghafla.

Saa tisa usiku umeme ukakatika. Muziki kimya, feni kimya. Mtoto akaangua kilio mtaa mzima ukasikia.

Kule shereheni nikasikia watu wanahangaika na jenereta.

“Baba,” mama mkwe akaita kutoka sebuleni, “hebu nenda kawasaidie kuliwasha.”

“Saa hizi, mama?”

“Waambie mtoto anataka kulala.”