Namna ya Kujifanya Mjuzi wa Muziki wa Kale kwa Jioni Moja

Umealikwa Utrecht, Uholanzi. Ni mwisho wa Agosti, wakati wa tamasha la muziki wa kale ambalo mji huo umekuwa nalo tangu 1982, na mwenyeji wako amekukatia tiketi ya onyesho la jioni mapema ndani ya kanisa la mawe. Jua la huko halizami mpaka saa mbili na ushei usiku, kwa hiyo uso wako utaonekana vizuri. Monteverdi humjui, Buxtehude ndiyo kwanza unamsikia, na hutaki mtu agundue. Tulia. Vitabu viache rafuni, fuata haya.

Kwanza, kariri namba tatu: 1600, 1750 na 415. Muziki wa kabla ya 1600 uite Renesansi. Wa kuanzia hapo mpaka 1750, mwaka aliofariki Bach, uite Baroki. Ni makadirio, lakini hata wataalamu huyatumia. Hiyo 415 si mwaka. Ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ya noti ambayo vikundi vingi vya Baroki hulinganishia vyombo vyao siku hizi, nusu toni chini ya 440 ya okestra za kawaida. Wanamuziki wakianza kukaza nyuzi, mwinamie jirani yako umnong'oneze: "Nadhani ni 415." Kisha nyamaza. Akikwambia hapana, leo ni 392, itikia taratibu: "Ahaa, ya Kifaransa." Umeokoka.

Kukaza huko kutachukua muda. Usipige makofi ukadhani wimbo umekwisha; wageni wengi huumbuka hapo. Nyuzi zao ni za utumbo wa kondoo, na joto la watu waliojaa kanisani likipanda zinapoteza sauti yake. Johann Mattheson wa Hamburg aliandika katika karne ya 18 kwamba mpiga luti aliyefika miaka 80 bila shaka ametumia 60 kati ya hiyo kulinganisha nyuzi.

Sasa tafuta kwa macho chombo chenye shingo ndefu kupita kiasi, karibu urefu wa mtu mzima. Hiyo ni tiorba, mtoto mkubwa wa ukoo wa luti, na mara nyingi ina nyuzi 14. Mtazame mpigaji dole gumba. Zile nyuzi nene za pembeni hazibanwi kwa mkono wa kushoto. Dole gumba hushuka, hudonoa mara moja, huacha sauti izame yenyewe.

Hapa wewe wa pwani unawapita wote. Luti ni ndugu wa udi, na Ulaya ilipokea chombo hicho hasa kupitia Waarabu wa Hispania. Hata hapsikodi, ile inayofanana na piano kwa mbali, haigongi nyuzi kwa nyundo: ukibonyeza kitufe, kirisha kidogo kinadonoa uzi, ndiyo maana mpigaji akibonyeza kwa nguvu sauti haiongezeki. Anayejua ganuni na risha za udi hana haja ya kufundishwa utamu wa uzi uliodonolewa. Basi wakati wa mapumziko mwambie mwenyeji wako kwamba tiorba imekukumbusha taarabu. Atauliza. Mpeleke Zanzibar, mtajie Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, na usimrudishe Utrecht mpaka kengele ilie. Huo si uongo hata kidogo, na ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote.

Makofi: usiwe wa kwanza. Vipande vingi vina sehemu tatu au nne zenye kimya katikati. Subiri mikono ya wanamuziki ishuke na mabega yao yalegee, kisha piga kwa moyo.

Kusinzia kunaruhusiwa, ila kwa adabu. Kidevu juu, macho yafumbe, kidole kimoja kitembee polepole juu ya goti. Ukitaka kubaki macho, achana na sauti ya juu inayokimbizwa na kila mtu, fuata besi. Katika Baroki mtunzi mara nyingi aliandika mstari wa besi na tarakimu chache tu, na mpiga hapsikodi au tiorba akajaza mengine papo hapo kwa akili yake. Ukiishika besi umeshika uti wa mgongo wa wimbo. Ila wakiimba motet ya Thomas Tallis ya sauti 40, usifuate chochote. Acha ikufunike.

Kwa chakula cha usiku weka hadithi moja mfukoni. Mwaka 1705 Bach, kijana wa miaka 20, aliomba likizo ya wiki nne kazini Arnstadt, akaenda kwa miguu mpaka Lübeck, zaidi ya kilomita 400, kumsikia Buxtehude, ambaye maonyesho yake ya jioni katika kanisa la Mtakatifu Maria yalikuwa na sifa kubwa. Alirudi baada ya miezi minne hivi. Wakubwa wake walimgombeza. Isimulie taratibu, na ukifika kwenye ile miezi minne, nyamaza kidogo uwaache wacheke.

Mwisho, fika mapema. Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, kaa upande wa mpiga tiorba, mahali unapoona dole gumba lake. Na beba sweta: kanisa la mawe lina baridi hata Agosti, na mtu anayetetemeka hasikii besi.