Sifa za Kimeng'enya Kisichongoja Mkubwa

Watunzi wa kale waliwasifu masultani na majahazi, na wazee wetu wa Kagera wakausifu mgomba na ng'ombe wa pembe ndefu. Ila sijapata kumsikia mtu aliyesimama mbele ya hadhara, akakohoa kwa staha, akakitolea sifa kile kimeng'enya cha mshikamano wa seli ambacho mabingwa, tangu walipokitambua mwaka 1992, hukiita FAK. Taksiri hiyo naifidia mimi, maadamu nimejisomea habari zake kwa kitambo kirefu kuliko nilivyopenda, nikiwa nimeketi juu ya mabenchi ya Muleba na Bukoba ubavuni mwa shangazi yangu, ambaye ziwa lake la kushoto limepata mgeni aitwaye saratani.

Fadhila yake kubwa ni wepesi wa kazi. Seli iliyolelewa vema hukaa mahali pake, imeshikilia nyuzi zinazoizunguka kwa protini ziitwazo integrini. Na protini hizo zinapokamata kitu, FAK, kilichojibanza chini yake upande wa ndani, hufanya jambo ambalo sijaliona katika ofisi yoyote ya umma: hujipigia muhuri chenyewe. Hakingoji mkubwa arudi safari. Fosfeti hubandikwa katika tairosini ya 397, na papo hapo mwenziwe, Src, huja akaukuta muhuri, akaongeza ya kwake, na shauri likawa limepita. Muhuri huo una mahali pake panapojulikana, wala haudai nakala tatu, wala picha ya pasipoti, wala barua ya mwenyekiti wa kitongoji! Tena kina hekima ya kuachia, kwani seli zilizonyimwa FAK hung'ang'ania zilipo na kusogea kwa taabu. Bali seli ya saratani, ambayo aghalabu imejaaliwa nacho kwa wingi, hulegeza mshiko huku, ikashika kule, ikasonga mbele hata ikafika mapafuni, na ingawa seli iliyong'oka kwao ada yake ni kufa, FAK huinong'oneza isife.

Kuhusu ukarimu wake nitasema machache: kirusi kiletacho saratani ya Kaposi, ugonjwa uliojulikana mno katika mkoa huu ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, kinapobisha hodi kwenye seli, FAK ni miongoni mwa wanaokifungulia mlango. Umaarufu nao kinao. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha defactinib, dawa ya kukizuia, itumike pamoja na nyingine katika aina moja adimu ya saratani ya ovari. Nami sikuiulizia katika maduka ya dawa ya Bukoba, kwa kuwa napenda kulinda heshima yangu.

Kama seli ile iliyofika mapafuni, shangazi yangu naye alikuwa na safari yake. Zahanati ilimpeleka kituo cha afya, kituo kikampeleka hospitali, na huko akakatwa kipande cha nyama, kikatiwa katika kichupa ili kipelekwe Mwanza. Na kichupa kile, enyi waungwana, kikakaa dirishani, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua nauli yake ya basi italipwa kutoka fungu gani. Nauli ya kichupa! Nilijitolea kuilipa, nikaambiwa utaratibu hauruhusu. Jibu lilipokuja, barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando ilitaka sahihi ya bwana mmoja aliyekuwa Dodoma katika semina, na msaidizi wake, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alinieleza kwa upole kwamba yeye hana mamlaka. Shangazi aliuliza, kwa Kihaya, kama uvimbe nao umeambiwa usubiri. Kijana alicheka. Mimi sikucheka.

Basi nikatafakari kwamba dawa ya haki ni kukiajiri kimeng'enya hiki katika masjala ya hospitali ile, kikae kati ya dirisha na kabati la mafaili, kijipigie mihuri mchana kutwa. Lakini nimedokezwa kwamba kitadaiwa cheti cha kidato cha nne, na barua yake ya maombi, hata ikiwa safi namna gani, itapaswa kwanza kutiwa sahihi na yule bwana wa Dodoma.