Jinsi ya Kula Vumbi Jeupe la Chianti

Kabla ya yote, toa upepo kwenye matairi. Najua umepiga pampu asubuhi mpaka jasho likakutoka, na najua fundi amebonyeza kwa kidole gumba akasema safi kabisa. Toa. Barabara nyeupe za Chianti, vilima vya Toscana huko Italia kati ya Firenze na Siena, zimetandazwa changarawe inayoviringika, na tairi lililojaa kupita kiasi hudunda juu ya kila jiwe badala ya kulimeza. Kwa tairi la upana wa milimita 40 na mwendeshaji wa kilo 70, bar 2 hadi 2.5 zinatosha. Kuanzia bonde la Mara hadi Makete kumejaa watu waliozaliwa kwenye rafu rodi, na hao hawahitaji kufundishwa jambo hili. Nawasemesha waliolelewa na lami.

Pili, usimuulize mwenyeji lami itafika lini. Swali hilo ni la haki kwetu. Mgombea huahidi lami, wapiga kura humkumbusha, na wanafanya vema, kwa kuwa mama mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kungoja matope yakauke ndipo afike hospitali. Chianti hali ni nyingine. Lami ilishafika kwenye njia kuu, ikaanza kuzimeza na njia za mashambani, zile za mabonde na migongo ya vilima ambako punda na mikokoteni ilipita. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci alianzisha safari ya baiskeli aliyoiita L'Eroica ili watu wazione njia hizo, wazipende na kuzitetea. Walijitokeza waendeshaji 92. Siku hizi huja maelfu kila Oktoba, na masharti ni makali: baiskeli iwe imeundwa kabla ya 1987, vishikio vya gia viwe kwenye bomba la chini la fremu, kanyagio ziwe na mikanda ya kufungia viatu. Ukija na baiskeli yako ya kaboni siku hiyo utakaa pembeni upige makofi. Siku nyingine yoyote, karibu na kaboni yako. Njia ya L'Eroica ina vibao mwaka mzima.

Naamini Brocci alikuwa sahihi. Barabara isiyo na lami humlazimisha mwenye gari kupunguza mwendo, na gari likipunguza mwendo, mtoto, bibi kizee na mwendesha baiskeli wote wanapata nafasi yao.

Tatu, amka mapema, ila ule kwanza. Utaona jogoo mweusi kwenye shingo ya chupa za mvinyo wa Chianti Classico. Hadithi ya huko inasema Firenze na Siena zilipochoka kupigania mpaka, zilikubaliana kila mji umtoe mpandafarasi mmoja jogoo anapowika, na mpaka uwe pale watakapokutana. Siena walimnenepesha jogoo wao mweupe. Firenze walimlaza na njaa yule mweusi, naye akawika kabla ya alfajiri, hata wapandafarasi wakakutana Fonterutoli, kilomita chache tu kutoka Siena. Njaa ilimfaa jogoo. Wewe itakuangusha kwenye kilima cha tatu, miguu ikitetemeka, macho yakiona giza. Kula mkate na mafuta ya zeituni, na ukikuta ribollita, ile supu nzito ya maharage, mboga na mkate wa jana, usipite.

Sasa vilima. Hapa ndipo majivuno hufia, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kilima cha Chianti hakikutishi kwa urefu. Hukuchosha kwa wingi. Unapanda dakika kumi, unateremka mbili, unavuka kijito, unapanda tena, na mchana kutwa hupati tambarare ya kupumulia. Weka gia nyepesi kuliko unayodhani unaihitaji, halafu ongeza nyingine nyepesi zaidi. Kaa kwenye tandiko. Ukisimama juu ya kanyagio, uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linateleza kwenye changarawe, na utashuka mbele ya wazee waliokaa kivulini. Wasalimie hata hivyo. Salamu huko ina uzito ule ule ilionao kwetu, na anayepita kimya huonekana hana adabu.

Njia nyeupe inayopanda kuelekea kasri la Brolio ni mahali pazuri pa kujifunzia. Siku ya L'Eroica huwekwa taa ndogo kando yake, na waendeshaji hupanda gizani wakifuata mwanga huo. Bettino Ricasoli, bwana wa kasri hilo aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, ndiye aliyeandika mwaka 1872 jinsi mvinyo wa Chianti unavyofaa kuchanganywa, zabibu ya Sangiovese ikiwa ndiyo msingi. Hadi leo sheria ya Chianti Classico inadai asilimia 80 au zaidi ya zabibu hiyo.

Kuteremka ni kazi ya macho. Tazama mbali, legeza viwiko, funga breki kabla ya kona, si ndani yake. Kama unadhani ushauri huu ni wa waoga, kumbuka Machi 2025, katika mashindano ya baiskeli ya Strade Bianche: Tadej Pogačar, bingwa wa dunia, alianguka kwenye mteremko na kuingia vichakani. Aliinuka akashinda. Wewe una kazi Jumatatu.

Mvua ikinyesha, vumbi jeupe hugeuka uji unaoganda kwenye mnyororo. Tafuta picha za Cadel Evans akishinda hatua ya mashindano ya Giro d'Italia pale Montalcino mwaka 2010, kisha uamue kama kweli unataka kutoka nje.

Usichume zabibu. Ziko karibu na njia, zimeiva, hakuna anayekuona, na bado si zako. Septemba na Oktoba ndiyo mavuno. Mtu amengoja mwaka mzima, ameomba mvua ya mawe isije, amelinda mashada dhidi ya nguruwe mwitu kwa uzio wa umeme. Trekta la mavuno likija, simama pembeni, mguu mmoja chini. Mwenye trekta yuko kazini, wewe uko matembezini.

Kuhusu kuonja: baiskeli ni chombo cha usafiri mbele ya sheria ya Italia, na kikomo ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu. Kila nyumba ya mvinyo ina ndoo ya kutemea, na wataalamu wakubwa huitumia bila haya. Onja, tema, shukuru, endelea. Glasi ya kumeza iwe ya jioni, Siena, ukishapanda Via Santa Caterina, ambayo mwinuko wake hufika asilimia 16 na hutokea karibu kabisa na Piazza del Campo, uwanja ambako Strade Bianche huishia. Kushuka na kusukuma baiskeli pale kunaruhusiwa. Mawe ya barabara hiyo yameshaona wengi.

Ukipenda mvinyo wa shamba fulani kiasi cha kutaka kuubeba, usitie chupa kwenye mkoba wa mgongoni. Changarawe itazigonganisha mpaka moja ipasuke, na vipande vya kioo viko karibu mno na uti wa mgongo. Waachie anwani ya ulikofikia. Mashamba mengi yana utaratibu wa kukutumia boksi.