Muulize Fundi Upepo

Fundi Upepo,
Nina pikipiki ya Boxer, nabeba abiria Umoja. Jioni naiegesha tairi la nyuma likiwa gumu, asubuhi nakuta limekaa chini. Namshuku jirani wa chumba cha nne, maana tuligombana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Nimshtaki kwa keateka?
— Mchovu wa Umoja

Mchovu, mwenye chuki na tairi hutumia msumari. Hana subira ya kukutolea upepo kidogo kidogo hadi alfajiri. Anza na mate. Toa kifuniko cha valvu, paka mate mdomoni mwake, chuchumaa utazame. Povu likivimba, mwizi ni ile pini ya ndani: imelegea au imeshika mchanga. Kaza, ikikataa badilisha.

Povu lisipotokea, tyubu itolewe izungushwe ndani ya beseni la maji. Na hapa ndipo kazi nyingi za stejini huharibikia. Fundi anaona tundu, anakwangua kwa msasa, anapaka gundi na kubandika kiraka papo hapo, kwa kuwa mteja ana haraka. Gundi ile huachwa kwanza ikauke hadi isinate kidoleni! Kisha, kabla tyubu haijarudi, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba wa jana huenda bado umo. Keateka naye ana kesi za maji na taka, usimwongezee.

Fundi Upepo,
Mtungi wangu wa kilo sita ulikuwa ukimaliza mwezi. Tangu mke wa mwanangu aje kutoka ushago, wiki mbili hazifiki. Anapenda maharagwe. Nimwambieje?
— Mama Mkwe, Kayole

Mama, maharagwe hula gesi, sikatai. Yachemshiwe kwa jiko la makaa, nje. Lakini kama kuna gesi inayopotea usiku, wapishi wote wakiwa wamelala, usimdai mtoto wa watu. Koroga sabuni ya vyombo na maji, upake shingoni, pale kichomeo kinapoingia mtungini, kikiwa kimezimwa. Povu likichemka, kizungushe kichomeo ukitoe, toa mtungi nje, umrudishie muuzaji. Mara nyingi ni kale kampira ka duara kamekauka na kupasuka.

Kuna wanaotafuta uvujaji kwa kiberiti. Mama, utani naweka kando. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale Mradi, Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka, watu wakafa na nyumba zikaungua. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi chini ya kitanda. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo hutiwa makusudi ili ukushtue. Ukiusikia, fungua mlango na usiguse hata swichi ya taa.

Fundi Upepo,
Kila Jumamosi tunajaza upepo tairi lile lile la gari. Mume wangu asema ni kawaida.
— Mke wa Buruburu

Tairi zima hupungua kidogo kwa mwezi, si kwa wiki. Alizungushe polepole atafute kichwa cha msumari. Akikiona asiung'oe barabarani, maana ndio unaoziba tundu, ampelekee fundi. Asipokiona, atazame kutu ukingoni mwa rimu. Na kama limetoboka ubavuni, halizibwi, hununuliwa jingine. Hiyo habari mpe akishakula.