Jinsi ya Kutoutukana Msitu wa Ronge kwa Kifaransa

Mwongozo huu ni wa kijana wa Ronge, katika milima ya Taita, mwenye cheti cha utalii, buti za kuazima na Kifaransa cha kuombea maji. Wenzake wa Voi na Mwatate wanaruhusiwa kuusoma pia, ingawa wao huwa na haraka, na mwenye haraka huishia ukurasa wa salamu.

Siku yako itafika. Watakuja wageni waliokwisha shiba ndovu wekundu wa Tsavo Mashariki, vumbi limewajaa masikioni, wanataka kupanda milima kuona kijani. Utawapandisha. Utawaonyesha mkondo wa maji, kinyonga, na bonde lote hadi nyika ilipotandaa. Kisha mtafika mahali ambapo miti ni mikubwa kupita mingine na njia inazunguka badala ya kupita katikati. Mgeni atauliza kwa nini. Hapo ndipo kazi yako inapoanza, kwa sababu itabidi umweleze fighi: kipande cha msitu ambacho wazee wa Wadawida walikiwekea miiko, pasikatwe mti wala kuokotwa kuni, pakafanyiwa matambiko ya kuilinda nchi na watu wake. Utasema kwamba ni msitu mtakatifu, na utalikumbuka neno ulilofundishwa, *sacré*. Usilitoe bado.

Matamshi kwanza, maana hayo ni mepesi. Ile r ya Kifaransa inayowatesa watu wa mataifa hutokea kooni, jirani kabisa na gh. Aliyekua akisema fighi ana nusu ya kazi mkononi. Upatanisho nao usikutishe. Wafaransa wana ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike, na mtu aliyelelewa na m-wa, ki-vi, u-i na ndugu zake hana haki ya kulalamika. Msitu kwao ni wa kike, *forêt*, kwa hiyo utaandika *sacrée* kwa e mbili. Kuna *sacré*, *sacrée*, *sacrés* na *sacrées*, maandishi manne yanayotamkwa sawasawa. Sisi tukisema misitu mitakatifu, hata kipofu anajua kwamba ni mingi. Wao huutunza wingi wao kwenye karatasi.

Sasa hatari yenyewe. *Une forêt sacrée* ni msitu mtakatifu. *Une sacrée forêt* ni msitu balaa. Neno ni lilelile na heshima ni mbalimbali. Likikaa nyuma ya jina, huvua kofia na kupiga magoti. Likitangulia mbele, huwa limetoka kilabuni: linasifu, linalaani, au linafanya yote mawili kwa mpigo, na ni sauti ya msemaji tu inayokupa tafsiri. Ukisimama mbele ya fighi na kutamka kwa unyenyekevu *c'est une sacrée forêt*, mgeni atasikia kitu kama "huu msitu ni kiboko." Atatabasamu na kukubaliana nawe, kisha atakanyaga mahali ambapo hakupaswa kukanyaga. Hujamkataza. Umempa hamu.

Utajitetea kwamba Kiswahili ndicho kilichokuponza. Hapana. Kiswahili hutanguliza jina na sifa ikafuata, na Kidawida hufanya vivyo hivyo. Angalia hata ramani ya kwenu: kuna Ronge Juu na Ronge Nyika, jina mbele, maelezo nyuma. Kijana wa Ronge angelifasiri "msitu mtakatifu" neno kwa neno, angelipatia bila kujua. Aliyekupoteza ni Kiingereza. Kifaransa ulifundishwa kwa Kiingereza, ubaoni kuliandikwa Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na Kiingereza hutanguliza sifa karibu siku zote. Ukajifunza lugha ya nne kwa kupitia mlango wa ya tatu wakati zile mbili za kwanza zilikuwa na njia ya mkato. (Nadhani hili ni kosa la mitaala kuliko la walimu, lakini walimu ndio wanaokaa karibu, kwa hiyo tutaendelea kuwalaumu wao.)

Kwa hiyo, ukifika penye fighi, kisahau Kiingereza na ukumbuke Kiswahili. Tahadhari moja: usilifanye hili sheria ya maneno yote. *Grand*, *petit*, *bon* na *beau* kwa kawaida hutangulia jina na hayana ubaya wowote. Ndiyo maana unaweza kusema *une belle forêt sacrée*, uzuri mbele, utakatifu nyuma, msitu katikati, na kila mtu akalala salama.

Mtego wa pili, huu kweli ni wetu sisi wasema Kiswahili. Neno letu "takatifu" linabeba mizigo miwili ambayo Wafaransa wameigawa. Watu wa mbinguni na mambo mengi ya kanisa ni *saint*. Yosefu Mtakatifu ni *saint Joseph*, Nchi Takatifu ni *Terre sainte*, Roho Mtakatifu ni *Saint-Esprit*, au *Esprit Saint* ukitaka. Miti, miiko, mapango na moto wa kimila ndio *sacré*. Ukichanganya na kumwita Yosefu *sacré Joseph*, utakuwa umesema "Yosefu huyu naye, ana vituko!" Jambo hilo lisitokee Bura hasa. Misheni ya Bura ilianzishwa mwaka 1892 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika la Kifaransa, na mmoja wa wenzao, Padri Charles Sacleux, alikuwa amekwisha chapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili huko Zanzibar mwaka 1891. Kwa maneno mengine, milima hii ilipata watu wa kukusahihisha kabla reli haijafika Voi.

Mjuaji mmoja atakuuliza kuhusu *Sacré-Cœur*, lile kanisa jeupe juu ya kilima cha Montmartre mjini Paris, lililotabarukiwa mwaka 1919. Mbona hapo *sacré* imetangulia, na maana yake ni Moyo Mtakatifu wa Yesu? Mjibu kwamba ni jina la zamani lililokwisha ganda, na kwamba ule mstari mdogo katikati ndio kufuli lake. Asipotosheka, mwonyeshe kinyonga tena.

Usidhani kwamba *sacré* ya mbele ni neno la kutupwa. Ni tamu, na ukiitumia mahali pake wageni watakupenda kuliko ukiwasomea historia. Sisi kazi yake tumeigawia maneno mengi. *Un sacré menteur* ni mwongo wa kutupwa. *Une sacrée chance* ni bahati ya mtende. *Une sacrée pente* ni ule mteremko utakaowashusha wageni wako kwa makalio mvua ikinyesha. Na mkulima wa Ronge Nyika aliyeamka akakuta mahindi yake yamelala chini na nyayo kubwa shambani, yeye ana haki kamili ya *ce sacré éléphant*. Mtalii akishangaa kwamba mnyama huyu ni mtakatifu kwa Wadawida, mweleze taratibu, ikiwezekana mkulima akiwa mbali.

Kwenye mpira wala huna la kujifunza. Gazeti la Kifaransa likiandika kwamba timu *a été sacrée championne du monde*, kama Ufaransa mwaka 1998 na tena 2018, ndiyo ile "kutawazwa mabingwa" unayoisikia redioni kila msimu.

Siasa ni habari nyingine. Ukipata mgeni kutoka Goma au Bukavu, huko Kongo, mtaongea Kiswahili na utashukuru, mpaka atakapotaja *Union sacrée*. Ndiyo kambi iliyojengwa na Rais Félix Tshisekedi baada ya kuachana na watu wa Joseph Kabila mwishoni mwa 2020. Jina lenyewe lilikopwa Ufaransa, ambako Rais Poincaré aliwaita wanasiasa waungane vita vilipoanza mwaka 1914. Liseme kwa mpangilio wake. Ukiligeuza likawa *sacrée union*, utakuwa umetoa maoni, na hujui mgeni wako anaipigia kura kambi gani.

Limebaki kundi moja, wageni wa Québec. Wao wamelichukua jambo hili hadi mwisho wake. Huko matusi yenyewe huitwa *sacres*, na yametolewa moja kwa moja altareni: *tabarnak* ni tabenakulo, *câlisse* ni kalisi, *ostie* ni hostia. Kwa hiyo mgeni wako akiteleza kwenye ile *sacrée pente*, akakaa chini akishika kifundo cha mguu huku akitaja vyombo vya Misa kimoja baada ya kingine, usiende Bura kumwita padri ampake mafuta ya wagonjwa. Mfunge bendeji, mtafutie bodaboda ya kushuka Mwatate, na umwambie nauli kabla hajapanda.